Nyumba ya kutunzia wazee hapa Tanga: nitajuaje kama huduma ni ya kweli?

Mwana wa Makorora
Assalaam aleykum wanajamvi. Bi mkubwa ana miaka 74, kiharusi kimemlemaza upande wa kulia, ana sukari na anachomwa insulini asubuhi na jioni. Ndugu tumetawanyika, wengine Dar, wengine Maskati, na tunafikiria nyumba binafsi ya kutunzia wazee. Tumeshatembezwa mara moja: vigae vinang'aa, mapazia mapya, wahudumu wana sare. Lakini mgeni aliyetoa taarifa huonyeshwa sebule. Nitazame nini hasa kabla hatujalipa, na nini baada ya kumpeleka?

Nesi wa Zamu
Wa aleykum salaam. Vigae achana navyo. Nenda bila taarifa mara mbili: moja saa 7 mchana watu wakila, nyingine jioni wanapokabidhiana zamu. Simama kando usikilize. Anayetoka akisema "wote wazima" na kubeba mkoba wake, hapo hakuna makabidhiano. Anatakiwa ataje mmoja mmoja: huyu hakumaliza chakula, yule hajapata choo siku ya tatu, huyu sukari yake ilisoma ngapi. Uliza pia usiku wanabaki wangapi walio macho. Anayelala karibu na mlango ni mlinzi, si mhudumu.

Halafu omba daftari la kugeuza wagonjwa. Asiyeweza kujigeuza kitandani hugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi. Ukikuta wiki nzima kalamu moja, mwandiko mmoja, saa 2 kamili, saa 4 kamili, bila hata dakika kuzidi, limejazwa kwa mkupuo.

Wazee wa watu huwezi kuwafunua, kwa hiyo uliza wangapi wana vidonda vya kulala na walivipatia wapi. Bi mkubwa akishaingia, mkague mwenyewe: visigino, vifundo, nyonga, na ule mfupa wa chini ya mgongo. Anza na upande uliolemaa. Kwa ngozi yetu usisubiri wekundu, utachelewa. Gusa: pakiwa pa moto, pagumu au pa tepetepe kuliko pembeni yake, damu haipiti vizuri hapo. Wasimchue sehemu hiyo kwa mafuta ya nazi wala mengine, maana kusugua juu ya mfupa huzidi kuumiza nyama ya ndani. Na lile duara la mpira la kukalia lisitumike, linabana damu pembeni. Mto uwekwe chini ya mguu ili kisigino kielee.

Jikoni na Dozi
Nesi amemaliza ya kitandani, mimi naongeza ya mezani. Mwenye kiharusi wengi humpa uji mwepesi wakidhani ndio rahisi kumeza. Kinyume chake! Maji, chai na uji mwepesi hukimbia kooni kabla koo halijajifunga, anapaliwa, kinaingia kifuani na baadaye nimonia. Uzito wa kinywaji aupange mtaalamu aliyempima kumeza. Wewe tazama anavyolishwa: amekaa wima, kidevu hakijainuliwa juu, kijiko kidogo, anayelisha amekaa usawa wake na si amesimama. Baada ya kula wamchungulie shavu la kulia, chakula hujificha humo bila yeye kuhisi. Asilazwe kabla ya nusu saa.

Uzito upimwe kila mwezi na uandikwe. Wa kilo 60 akipungua 3 kwa mwezi mmoja bila kukusudia, daktari amwone. Asiyeweza kusimama wampime mzunguko wa mkono kwa tepu, mkono uleule kila mara.

Insulini: chupa ambazo hazijafunguliwa zikae kwenye friji nyuzi 2 hadi 8, zisigande. Iliyofunguliwa nyingi hudumu siku 28, kwa hiyo tarehe ya kufungua iandikwe juu yake. Kwa joto la Tanga la Februari, kuiacha dirishani ni kuiharibu. Uliza umeme ukikatika wanafanyaje. Kama ni ile ya kuchomwa kabla ya kula, chakula kiwe tayari mezani ndipo sindano ichomwe, si sindano saa 12 na ugali bado uko jikoni.

Mgosi wa Pongwe
Harufu ya mkojo dakika moja si ushahidi, wazee hukojoa. Mimi hunitia shaka nyumba inayonukia udi saa zote, maana udi hufukizwa kwa wageni.

Fanya hesabu ya pampasi. Mzee asiyejizuia hutumia 4 au zaidi kwa siku, yaani 120 kwa mwezi. Ukipeleka pakiti ya 10 na wiki nzima haijaisha, analala na maji. Mwenye mpira wa mkojo, mfuko uwe chini ya usawa wa kibofu, usiguse sakafu.

Mkataba uandike nani anamwogesha (mwanamke kwa mwanamke, hilo kwetu si la kujadili), nani anamkimbiza hospitali ya Bombo usiku na kwa usafiri gani, na saa za kutembelea. Wakikwambia Jumamosi tu, ondoka. Ulizia usajili wao kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, hata malalamiko hupelekwa kwake.

Mwana wa Makorora
Shukrani sana. Nimerudi leo saa 4 asubuhi bila taarifa. Wazee watano kati ya wanane wamesinzia vitini. Ni kawaida?

Nesi wa Zamu
Mmoja wawili, sawa. Watano ulizia dawa za usingizi. Kila dawa iwe na jina la aliyeiandika, sababu, na lini itaangaliwa upya. "Anasumbua" si sababu.

Lakini kwa mwenye sukari kusinzia kunaweza kuwa sukari imeshuka, kwa hiyo kwanza wampime. Muulize mhudumu wa usiku, si meneja: "Kipimo kikisoma 3.2 saa 9 usiku, utafanya nini?" Anayejua atajibu bila kusita: akiwa macho na anameza, nampa sukari kwa namna aliyopangiwa kumeza, napima tena baada ya dakika 15, asipoamka simwekei kitu mdomoni, namkimbiza hospitali. Akikujibu kwamba atampigia bosi kwanza, usilipe.