Naomba ushauri: kivuli cha kichochoro kinamwokoa mnyonya damu na jua?

Mwanzisha uzi (Mjini Unguja)
Assalaam alaykum. Mimi ndiye mwendesha mchezo katika kikundi chetu kinachocheza mchezo wa kuigiza hadithi kwa kurusha dado uitwao Dungeons & Dragons kwa kanuni za mwaka 2014, na kisa chetu nimekiweka Mji Mkongwe. Ijumaa iliyopita wachezaji walimfurusha mnyonya damu kutoka nyumbani mwake saa nne asubuhi, naye akakimbilia kichochoro chembamba ambacho, kama mjuavyo, kuta zake ni ndefu kiasi kwamba saa hiyo jua hugusa madirisha ya juu tu. Mchezaji mmoja alishikilia kwamba mchana ni mchana, kwa hiyo lazima aungue. Mwenzake akasema pasipo mwali hapana jua. Niliamua papo hapo kuwa haungui, akatoroka, na yule wa kwanza ana kinyongo mpaka leo. Je, nilimdhulumu?

Mchangiaji wa kwanza (Unguja)
Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Kwa maoni yangu hukumdhulumu katika uamuzi wenyewe, ila ulichelewa kuutangaza. Anayeanza zamu yake juani hupoteza pointi 20 za uhai, na akiwa kivulini hurejeshewa pointi 20, maana yake hatua moja ya kutoka kivulini kuingia juani ina thamani ya pointi 40. Tena akiishiwa uhai juani hawezi kugeuka ukungu na kuponyoka kama kawaida yake, bali huangamia kabisa. Jambo zito namna hiyo wachezaji wanastahili kulijua kabla hawajarusha dado.

Mchangiaji wa pili (Chake Chake)
Mimi ningeshika njia ya kati: kivulini asiungue, lakini kila anaposhambulia arushe dado mara mbili na kuchukua namba ndogo. Njia hii ina asili yake, kwa sababu Dracula wa Bram Stoker, katika riwaya ya mwaka 1897, hutembea mchana akiwa amepungukiwa nguvu tu. Kufa kwa mwanga wa jua kulikuja na filamu ya Nosferatu ya mwaka 1922.

Mwanzisha uzi
Ahsante, dada yangu, hiyo nimeipenda. Limebaki moja: mchezaji mwenye kinyongo ameniarifu kwamba safari ijayo atatumia uchawi wa Mwanga wa Mchana. Utamuunguza mnyonya damu?

Mchangiaji wa kwanza
Kwa kanuni zenu, hapana. Uchawi huo hutoa mwanga mkali wa nusukipenyo cha futi 60, lakini maandishi ya 2014 hayautaji kuwa ni mwanga wa jua; ya 2024 ndiyo yanayosema hivyo. Mwambie leo, asije akaupoteza bure mbele ya adui. Badala yake mtajie saa ambayo jua lenyewe litafika kichochoroni. Kisa chenu kinatokea mwezi gani?

Mwanzisha uzi
Mwanzoni mwa Oktoba.

Mchangiaji wa kwanza
Basi haki yake ipo. Siku hizo, kama ilivyo mwanzoni mwa Machi, jua la adhuhuri hapa kwetu husimama utosini na kufika mpaka chini ya vichochoro. Mnyonya damu aliyeingia humo saa nne ana muda wa saa mbili tu za kutafuta mlango ulio wazi, na wachezaji wako wakiijua mitaa, wataitangulia milango hiyo kuifunga.

Mwanzisha uzi
Nimeafiki. Nitawaandikia wote usiku huu, nikianza na yeye.