Wanawake wa Ukoo: Safari ya Asha

Rukia: Assalaam alaykum. Jumatatu Asha anapanda boti ya Mkoani, Pemba, kwenda Unguja kwa mambo ya kizazi. Nnataka wa kumsindikiza, wa kubaki na watoto, na michango.

Rukia: Mmesoma nyote, kimya!

Fatma: Waalaykum salaam. Kizazi kishashuka, si kitolewe tu yaishe?

Salma: Da Fatma, hakishuki kwa ubovu. Kano na misuli inayokishikilia ndiyo imelegea. Hata kikitolewa, juu ya uke panaweza kushuka baadaye. Cha kutengeneza ni mshikilio.

Salma: Kuna operesheni ya kupitia ukeni: shingo ya kizazi inashonwa kwenye kano ngumu ndani ya nyonga, mara nyingi upande wa kulia. Tumbo halichanwi. Tako la upande ule huuma wiki chache kisha hupoa. Lakini akiamka na maumivu makali yanayoteremka mguuni, aseme palepale, asisubiri kesho. Uzi unaweza kuwa umebana mshipa wa fahamu. Na kibofu kinaweza kuja kushuka kwa mbele, aulizie.

Mwanakhamis: Mie ntasindikiza, ila tupitie urojo kwanza 😂

Zuwena: Na mishkaki ya Forodhani 😂😂

Rukia: Jamani! Salma, na ile ya wavu?

Salma: Hiyo kwa tumboni, matundu madogo. Wavu unaunganisha shingo ya kizazi na mfupa ulio juu ya kifandugu. Marekani 2019 walisimamisha uuzaji wa nyavu za kuweka kupitia ukeni; huu wa tumboni ni mwengine. Kabla ya yote apimwe saratani ya shingo ya kizazi na apigwe ultrasaundi. Kama anatoka damu isiyoeleweka, ichunguzwe kwanza, kizazi kisibakishwe kwa kubahatisha.

Rukia: Haya, elfu ishirini kila mtu.

Fatma: Hesabu ya pesa za karafuu za marehemu hatujaiona mpaka leo.

Rukia: Fatma, usianze.

Bi Mkubwa: Nyamazeni. Asha kaulizwa? Anataka mtoto mwengine au hataki, hilo halikatwi humu. Na anayemtwisha magunia ya mwani mabichi anajijua.

Salma: Naam, Bi Mkubwa. Kama anataka kuzaa karibuni, aombe pete ya silikoni ya kuwekwa ukeni kwanza, inakishikilia bila kisu. Mimba baada ya operesheni inaweza kulegeza tena. Akishonwa, wiki sita asibebe hata ndoo, tendo la ndoa lingoje, na choo kiwe laini: maji mengi, papai, asijikamue.

Rukia: Nampigia hapokei. Bamvua hili, yumo mwanini.

Time: Ndiyo kwanza naona. Jumatatu ipi?

Rukia: HII.

Zuwena: Watoto nawachukua, mwisho Alkhamis.

Rukia: Na baada ya Alkhamis? Mwanakhamis, unakwenda kweli au maskhara?

Mwanakhamis: Nakwenda. Tiketi nani analipa?