Nusu Maili ilikuwa ya vijiji vya mlimani. Madawati yenu tumeyachoka, rudisheni msitu

Wakuu, naomba mods msiuunganishe huu uzi na ule wa bei za kupanda Kilimanjaro. Ni mambo mawili tofauti. Na mnisamehe lugha, nimetoka mkutanoni sasa hivi na bado natetemeka.

Leo kijijini kwetu, huku Uru, juu ya Moshi, tumeitwa na watu wa Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro kupokea "neema za mlima". Turubai limefungwa, spika mbili, viti vimeazimwa kanisani. Tangazo lilisema saa nne, mgeni rasmi kaingia saa saba kasoro. Kakabidhi madawati arobaini. Watoto wameimbishwa juani, tumepiga makofi, halafu jamaa kasimama na kutuambia tuushukuru mlima na tuache tabia ya kuingia msituni.

Meku (mzee) mmoja wa miaka themanini na kitu akanyoosha fimbo kuomba nafasi. Akauliza swali moja tu: "Baba, Nusu Maili mtaturudishia lini?" Mshereheshaji akawahi maiki: maswali yote yaandikwe, yatajibiwa kwa utaratibu. Ikafuata kwaya. Mzee wa watu akabaki amesimama, fimbo mkononi.

Kwa msio wa huku. Ukipanda kutoka Moshi mjini unapita migomba na kahawa, kihamba (shamba la ukoo linalozunguka nyumba) baada ya kihamba, hadi kihamba cha mwisho. Kati ya hapo na msitu wenyewe kuna ukanda wa upana wa kama mita 800. Ndiyo nusu maili hiyo. Mwaka 1941 ulitengwa uwe wa wananchi: kuni, majani ya ng'ombe, nguzo, mbao za kujengea. Ulikuwa chini ya baraza la Wachaga wenyewe, miti ikapandwa, watu wakavuna kwa utaratibu. Aliyetenga ni mkoloni! Mtu ambaye hatukumpigia kura alikubali kwamba anayeishi chini ya msitu lazima awe na sehemu ya msitu.

Tumepata uhuru, 1972 halmashauri zikafutwa, ukanda ukaanza kurushwarushwa huku na kule kama mtoto wa kambo. Mwaka 2005 wakamaliza kazi. Hifadhi ya Taifa, ambayo tangu ianzishwe 1973 ilikuwa huko juu kuanzia kwenye mita 2,700, ikashushwa na kumeza msitu wote pamoja na Nusu Maili. Eneo la hifadhi likaongezeka zaidi ya mara mbili. Sisi tulilala wakulima tukaamka wavamizi, na hakuna aliyehama hata hatua moja.

Sasa hapa ndipo watu wa mijini hawaelewi, wanadhani tunalilia kuni. Kihamba cha baba yangu hakifiki ekari moja, na tuko ndugu wanne. Hakuna pa kulishia. Ng'ombe wa Mchaga anakaa zizini mwaka mzima, majani anafuatwa. Samadi yake inaenda kwenye migomba na kahawa. Ondoa majani, ng'ombe anauzwa. Ondoa ng'ombe, mgomba unatoa mkungu wa kuchekesha na kahawa inabaki vijiti. Ukanda ule ndio uliokuwa unakibeba kihamba, na ndiyo maana vihamba vidogo hivi viliweza kulisha familia kubwa kwa vizazi.

Mama yangu ana miaka 67. Zamani alikuwa anaondoka alfajiri na shangazi, panga na kamba, saa tatu wamerudi na mizigo kichwani, umande unawachirizika mgongoni. Ilikuwa kazi ngumu, sitaki kuipamba. Lakini ilikuwa bure na ilikuwa halali. Mara ya mwisho alirudi bila panga, bila kamba na bila kanga aliyofungia mzigo. Wenye sare walichukua vyote. Kanga! Hadi leo nikimuuliza anasema "achana nayo mwanangu", na anageuza mazungumzo.

Siku hizi tunanunua mabua ya mahindi kutoka tambarare. Kirikuu kimoja shilingi 80,000 kikifika huku juu, ng'ombe wawili wanakimaliza ndani ya wiki mbili. Ng'ombe mwenyewe anatoa lita sita akiwa na furaha. Pigeni hesabu.

Najua jibu lenu: "mliufyeka wenyewe". Ni kweli kwa sehemu kubwa, wala sitabisha. Nusu Maili ilichakazwa vibaya. Miaka ya tisini na mwanzoni mwa elfu mbili watu walikata hadi mikulo, miti mikubwa ya mbao, ya mamia ya miaka, misumeno inalia usiku, na hapa kijijini tunajua nani alijenga ghorofa kwa mbao zile. Lakini yule mwenye msumeno alikuwa na lori, na lori lilipita kwenye vizuizi barabarani hadi likafika mjini. Nani alilifungulia? Mama mwenye mzigo wa majani hana lori. Adhabu ya mwenye lori imemwangukia mama yangu.

Na kuna jambo la kisheria ambalo mgeni rasmi hakuligusa, ama halijui ama anajua sana. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu usimamizi shirikishi. Kijiji kinaweza kuingia makubaliano, kikatunga sheria ndogo, kikalinda na kikavuna kidogo kwa vibali. Huo mlango upo msitu ukiwa hifadhi ya misitu. Ukishageuzwa Hifadhi ya Taifa, unaingia chini ya sheria nyingine kabisa, na pale mwananchi hana cha kuvuna wala cha kusimamia. Kwa hiyo mwaka 2005 haukusogezwa mpaka tu. Tulipokonywa haki ya kukaa mezani.

Msiniambie wananchi hawawezi. Nendeni Babati, si mbali, mkaulize kuhusu msitu wa Duru-Haitemba. Serikali ilitaka kuuchukua, vijiji vikakataa, na tangu katikati ya miaka ya tisini vijiji ndivyo vinausimamia. Wahadzabe wa bonde la Yaeda wanalinda ardhi yao na kulipwa hela ya kaboni, yaani malipo ya kuacha miti isimame. Sisi tunaoambiwa hatuwezi kutunza mita 800 za miti ndio wajukuu wa watu walioanzisha KNCU, chama cha ushirika wa kahawa, mwaka 1933, wakauza kahawa yao na kusomesha watoto kwa hela hiyo. (Halafu mtu anakuja kutufundisha kuhusu "uwezeshaji". Haya.)

Hela mlimani ipo, wala msitudanganye. Mgeni asiye mkazi analipa dola 70 kwa siku kuwa hifadhini, dola 50 kwa usiku kupiga kambi, 20 za uokoaji. Njia ya Machame kwa siku sita, usiku mitano, ni dola 690 kwa mtu mmoja. Weka VAT ya asilimia 18, umevuka 800, na hapo hajala wala hajamlipa mtu. Wanapanda makumi ya maelfu kila mwaka. Mdogo wangu ni mpagazi, anabeba kilo ishirini za mizani ya getini, safari iliyopita kampuni yake (siitaji) ilimwahidi 20,000 kwa siku, wakamkata hadi 12,000 kwa sababu "msimu mbaya". Huo ni uzi mwingine, nitauanzisha nikipoa.

Kinachoniuma zaidi ni Oktoba 2020. Moto uliwaka mlimani, zaidi ya kilomita za mraba 90 zikaungua. Mliita nani? Wanafunzi wa chuo cha wanyamapori Mweka, wapagazi, na wanavijiji kwa mamia wakiwa na matawi ya miti na mapanga. Mapanga yaleyale. Siku hiyo hakuna aliyeuliza kibali, hakuna aliyetuita wavamizi. Mdogo wangu alilala huko usiku tatu, akarudi nyusi zimeungua.

Kabla hamjaanza: najua kuna watakaokuja na "Wachaga wanataka jamhuri yao", na wengine na vichekesho vya Wachaga na hela. Endeleeni. Mimi sidai geti, sidai kilele, sidai hata senti ya mtalii. Nadai ukanda ule utolewe ndani ya hifadhi urudi kuwa msitu wa vijiji, na mpaka wake upimwe na wazee wakiwepo. Kijiji kitakachofyeka kinyang'anywe chake peke yake, kisiwaponze wengine. Kama hilo ni kubwa mno, anzeni na majani tu. Siku mbili kwa wiki, kwa zamu, kwa kitambulisho cha kijiji. Majani yanaota tena, jamani!

Kwa mila za huku, ukimkosea mtu unakwenda kwake na sale, jani moja tu la kijani, na mwenye kinyongo hulazimika kukusikiliza. Leo mlikuja na madawati arobaini, na yule meku hamkumpa hata dakika moja.

Nyongeza, saa tatu usiku: kuna mkuu hapo chini ameuliza kwa nini mama asiuze tu ng'ombe anunue maziwa dukani. Nimemsomea mama swali lako. Amecheka, halafu akaniambia nipige simu kwa wa kirikuu, mabua yamebaki ya siku mbili.