Gari la kifahari kutoka Uingereza linanitoa jasho Kampala: nirekebishe, nirudishe au niuze?

Kutoka: Mtanzania wa Ntinda

Habari za wikendi ndugu zangu wa Kampala, Entebbe na Jinja. Naomba ushauri, na mniwie radhi nikirefusha, maana jambo hili limenikaba koo.

Mwezi wa tano nilinunua gari kubwa la kifahari la dizeli, la mwaka 2012, lililotumika Uingereza. Nililitoa kwenye bondi moja hapa mjini, yaani yadi ya kuuzia magari yaliyotoka nje. Jina la bondi na la gari naliacha kwanza kwa sababu shauri lenyewe bado bichi. Kilometa ziliandikwa 98,000. Viti vya ngozi havina mkwaruzo, na barabarani lilikwenda kimya utadhani limezimwa. Nilikwenda na fundi. Akafungua boneti, akasikiliza injini, tukazunguka upande wa Lugogo, akasema liko sawa. Nikalipa.

Haikuchukua muda, nikawa asubuhi nalikuta limelala upande wa mbele kushoto, kama ngamia anayesubiri kupakiwa mzigo. Nikiwasha linanyanyuka taratibu. Siku hizi linanyanyuka kwa shida, halafu linatoa ujumbe kwamba nisizidi 30. Likiwa baridi, gia ya pili kwenda ya tatu inaingia kwa kishindo. Juu ya hayo kuna taa ya njano inayohusu moshi, inazimika na kurudi.

Gereji ya kwanza iliniuzia pampu ya mtumba ya kujaza upepo kwenye shokapu. Nayo imekwisha kuungua. Gereji ya pili inataka ing'oe mfumo wote wa upepo iweke springi za chuma. Ya tatu inasema giaboksi imekufa, ninunue nyingine. Kwenye bondi jibu ni moja tu: "Ssebo (bwana), gari ulilitoa likiwa zima."

Kinachoniuma zaidi ni sababu ya kulinunua. Mama yangu yuko Bukoba na magoti yake hayampi nafasi. Gari hili ukibonyeza kitufe linashuka, mtu anapanda bila kunyanyua mguu juu. Nilimwahidi kwamba safari hii ya kuja kliniki Kampala hatapanda basi. Sasa ananiuliza kila tukiongea na sina la kumwambia.

Mwenzangu wa kazini ananishauri nizime taa za onyo kwa mashine na kuliuza upesi kabla halijalala moja kwa moja. Nyinyi mnasemaje?

---

Kutoka: Mkenya wa Ndeeba, biashara ya spea

Ndugu yangu wa Ntinda, pole sana. Kazi yangu ni kuuza vitu hivyo hivyo unavyoambiwa ununue, kwa hiyo nisikilize nikikwambia: usinunue chochote kwa sasa.

> *Nayo imekwisha kuungua.*

Ilikuwa lazima iungue. Shokapu ya upepo ni mfuko wa mpira. Mpira ukizeeka unapata nyufa nyembamba pale unapojikunja, na upepo unatoka usiku kucha. Asubuhi kompyuta inaiamuru pampu ijaze. Pampu ile imetengenezwa ifanye kazi kidogo kisha ipumzike. Ikilazimika kujaza kitu kinachovuja, haipumziki, inapata moto, inakufa. Ukiweka nyingine bila kuziba panapovuja, itakufa pia, hata iwe mpya kutoka kiwandani. Gari linalolala kona moja linakuonyesha lenyewe pa kuanzia: mfuko wa kona ile, kisha bomba lake, kisha valvu. Unapulizia maji ya sabuni, penye mapovu ndipo penye ugonjwa. Hakuna cha kununua hapo zaidi ya sabuni. Aliyekuuzia pampu bila kufanya hivyo aliuza pampu, hakutengeneza gari.

Springi za chuma zipo, hata mimi naziuza. Mtu anayeshinda kwenye barabara za maramu namshauri aweke. Wewe ukiziweka, kile kitufe cha mama kimekufa, na kompyuta itapiga kelele mpaka apatikane mtu wa kuinyamazisha. Subiri kwanza tuone uvujaji uko wapi.

Giaboksi usikubali ibadilishwe kabla oili yake haijaangaliwa. Watengenezaji kadhaa wa magari waliwaambia wateja kwamba oili ya gia haibadilishwi maisha yote. Lakini ZF, kiwanda cha Ujerumani kinachotengeneza giaboksi za magari mengi ya kifahari ya Ulaya, chenyewe kinashauri ibadilishwe kati ya kilometa 80,000 na 120,000. Kwenye giaboksi zao nyingi chujio limeungana na karai la plastiki la chini, vinabadilishwa pamoja. Na oili haipimwi kwa stiki: injini inawashwa, giaboksi inasubiriwa ifike joto lake maalumu, kisha inaangaliwa kwenye tundu la pembeni. Fundi akimwaga oili yoyote ya gia aliyo nayo dukani, ukiona hivyo ondoa gari lako. Siwezi kukuapia kwamba kishindo kitaisha. Lakini unaanza na gharama ya oili na karai, si ya giaboksi nzima.

Ile taa ya moshi inawezekana ni kichungi cha masizi kwenye ekzosi. Kinajisafisha kwa kuchoma masizi kwa joto kali, na joto hilo halipatikani kwenye jam ya Jinja Road. Gari la dizeli la Ulaya linalokwenda Ntinda na Nakawa tu kila siku linajaza masizi halipati nafasi ya kuyachoma. Dizeli yetu nayo imeboreshwa, tangu 2015 kiwango cha Afrika Mashariki ni salfa isiyozidi 50 kwa milioni, lakini Ulaya wao wako 10. Shokapu ikishatengenezwa lipeleke Entebbe Expressway, mwendo wa kutulia bila kusimama-simama, uone kama taa itazimika. Wako watakaokwambia wakitoboe hicho kichungi. Kataa.

Halafu kuna hili, na ndilo limenifanya nikae niandike jioni hii. Gari la Uingereza linahesabu maili. Unasema linakuonya usizidi 30? Dashibodi yako inaongea maili hiyo. Ingekuwa kilometa ingesema 50. Sasa angalia 98,000 yako kuna herufi gani pembeni. Kama ni maili, gari limetembea karibu kilometa 157,700.

Unaweza kuhakikisha ukiwa umekaa hapo ulipo. Uingereza kila gari likifikisha miaka mitatu linakaguliwa kila mwaka, wanaita MOT, na matokeo yako wazi kwenye intaneti bila malipo. Unahitaji namba ya usajili ya kule tu. Iko kwenye makaratasi ya forodha yaliyokuja na gari. Utaona kilometa, yaani maili, za kila mwaka, na mara nyingi utaona mkaguzi ameandika kitu kuhusu sapensheni.

Wateja wananiuliza kwa nini gari walilolipata kwa bei ya Prado linadai spea za bei ya kutisha. Gari hili jipya lilikuwa la tajiri. Miaka zaidi ya kumi imeshusha bei ya gari, haijashusha bei ya shokapu yake. Kiwanda bado kinaitoza kama inakwenda kwa yule tajiri. Yeyote kwenye kundi hili anayepiga hesabu za gari la namna hii aweke kando fedha za matengenezo kabla hajalipa, asisubiri likishaharibika.

---

Kutoka: Mkongomani wa Nsambya

Kaka, mimi nilikuwa na sedani ya Kijerumani. Giaboksi yake ilikuwa ya klachi mbili kavu, na foleni za Kampala, ile ya kusogea hatua moja unasimama, zinazila klachi hizo bila huruma. Niliitengeneza, ikapona, kisha nikaiuza nikachukua Harrier. Kila mtaa una fundi anayeijua, soko la Kisekka spea zake unachagua, na usiku nalala. Mimi naona tengeneza, mlete mama, halafu uza.

---

Kutoka: Dada wa Kansanga

Shikamooni wakubwa, na pole kaka wa Ntinda. Nimesoma sheria na nafanya kazi hapa, ila haya chukua kama ushauri wa dada, wakili wako atakuangalizia makaratasi yenyewe.

Kaka wa Ndeeba amegusa jambo kubwa kuliko shokapu. Risiti au mkataba wako unasema nini kuhusu kilometa? Sheria ya Mauzo ya Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017 inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Kama wameandika kilometa 98,000 na gari lina maili 98,000, hapo huna haja ya kubishana nani alivunja shokapu. Kitu ulichouziwa sicho kilichoandikwa.

Kuhusu ubora, sheria hiyo inambana anayeuza kama biashara, na bondi ni biashara. Ungenunua kwa jirani anayehama, ungekuwa na kibarua kigumu zaidi. Hata kwa bondi, kasoro uliyoonyeshwa, au ambayo ukaguzi wako ulipaswa kuiona, hawawezi kubebeshwa. Watasema ulikuja na fundi. Utajibu kwamba mfuko unaovuja usiku hauonekani mchana injini ikiwa imewashwa.

Muda nao unakwisha. Ukiendelea kulitumia na kulibadilisha, mahakama inaweza kusema umeshalikubali gari. Haki ya kulirudisha itapotea, itabaki ya kudai fidia. Ndiyo maana nakuomba usiwaruhusu wang'oe mfumo wa upepo sasa. Piga picha za alfajiri likiwa limelala, piga dashibodi, itunze ile pampu iliyoungua. Kisha waandikie bondi barua, siyo simu: gari lina nini, unataka nini, kwa siku ngapi. Wasaini nakala yako.

Wasipokuelewa, na unachodai hakizidi shilingi milioni 10, kuna utaratibu wa madai madogo mahakamani. Fomu ni nyepesi, huhitaji wakili, na mgeni anautumia sawa na mwenyeji. Gharama za matengenezo zinaweza kuingia humo. Ukitaka bei yote irudi, hiyo ni kesi ya kawaida.

Kwa wengine mnaosoma: Uganda mkataba unaozidi pointi 25 za fedha lazima uwe wa maandishi, na pointi moja ni shilingi 20,000. Yaani kitu cha zaidi ya 500,000. Nawaona Watanzania na Wakenya wanalipa mamilioni kwa dalali mlangoni kwa kupeana mikono. Na hakikisheni kadi ya gari inahamishwa kwa jina lenu, mkiwa na TIN, namba ya mlipa kodi, inawezekana hata kama si raia. Kukaa na fomu iliyosainiwa na mtu msiyemjua ni hatari.

> *nizime taa za onyo kwa mashine na kuliuza upesi*

Hili hapana, kaka. Kwanza unakuwa umeficha kasoro unayoijua, na umeshaiandika hapa mbele yetu. Pili, nani atalinunua? Nenda ukaulize magari ya namna hii yanatafutwa na nani Kampala. Ni mtu kama wewe, mgeni mwenye mshahara na wazazi nyumbani, na uwezekano ni mkubwa kwamba yumo kwenye kundi hili hili.

---

Kutoka: Mtanzania wa Ntinda

Mungu awabariki. Nimekwenda kwenye gari usiku huu huu na tochi. Pembeni ya namba kuna herufi ndogo za maili. Risiti ya bondi imeandikwa kwa mkono na mihuri miwili: KM 98,000.

Namba ya Uingereza nimeipata kwenye makaratasi ya forodha. Historia yake ya MOT imetoka yote. Maili zinapanda vizuri mwaka hadi mwaka, hakuna aliyezichezea, na kwenye ukaguzi wa mwisho kuna maandishi kuhusu sapensheni ya mbele kushoto. Nimekaa nikaitazama ile karatasi muda mrefu. Ilikuwa inajulikana kabla gari halijapanda meli.

Dada, barua nimeshaianza, nitakutumia uipitie. Sidai bei yote. Nataka walipe shokapu, kazi ya giaboksi na pampu, na tofauti ya bei kwa zile kilometa, yote yasizidi milioni 10. Gari nataka libaki, kwa ajili ya mama. Yule mwenzangu nimemwambia siuzi.

Kaka wa Ndeeba, naweza kulileta lini? Au kutengeneza sasa kutaharibu madai?

---

Kutoka: Dada wa Kansanga

Kulipima hakuharibu kitu. Aliyelipima aandike alichokiona, aweke tarehe, asaini. Kutengeneza subiri wapokee barua kwanza na muda uliowapa upite.

---

Kutoka: Mkenya wa Ndeeba, biashara ya spea

Usilete, nitakuja mimi na fundi wangu wa upepo, Jumamosi alfajiri. Ukiliendesha mpaka Ndeeba litakuwa limeshajaza na hatutaona kitu. Ijumaa jioni liegeshe mahali tambarare, zima, funga milango yote na usiifungue tena, kwa sababu mengi ya haya ukifungua mlango kompyuta inaamka na kujisawazisha. Andaa ndoo ya maji na sabuni. Ripoti ya maandishi tutakupa hapo hapo na sitakutoza. Mama mwambie asikate tiketi ya basi bado, lakini asiifute safari.