Seva ya kukodi iko nyuma masaa matatu

Wakuu, nina duka la vipuri Kariakoo. Ripoti ya mauzo nimeipanga itoke 20:00, saa mbili usiku nikifunga hesabu. Inakuja saa tano, nimeshalala zangu Mbagala! Seva inatumia mfumo wa Ubuntu. Nikiandika amri ya date, inasema UTC, ile saa ya kimataifa.

— Mkuu, sisi tuko mbele ya UTC masaa matatu. Andika:
sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam
Hivyo vistari vya chini usivisahau, mimi viliniponza.

— Halafu iwashe upya cron, ile programu inayotoa ripoti yako kwa ratiba: sudo systemctl restart cron. Bila hivyo itashika saa za zamani.

— Mwenye duka tena. date ikasema EAT, yaani saa za Afrika Mashariki, nikapuuza la cron. Jana saa tano tena! Nikaiwasha upya cron; leo saa mbili kamili simu imelia, ripoti hiyo, bado nahesabu noti za elfu mbili mbili. Asanteni.