TUPEANE UZOEFU: Kuwafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii, visiwani na mialoni (kambi za wavuvi)

Mleta mada: Wakunga na wakufunzi wa Ukerewe, Buchosa na Sengerema, huku Ziwa Victoria, karibuni. Kitaifa vifo vya uzazi vilipungua kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 (2015/16) hadi 104 (2022). Ila mama wa kisiwani akijifungua na kuanza kutoka damu nyingi saa nane usiku, chumba cha upasuaji bado kiko ng'ambo ya maji. Mhudumu afundishwe nini, na kwa njia gani?

mkunga_nansio: Anza na damu. Ukisema "mililita 500 ni hatari" ataandika kwenye daftari na kusahau. Chukua nusu lita ya maji, tia rangi ya rozela, mwagia doti moja ya kanga. Zote mbili zikilowa chapachapa, damu imefikia kiwango cha hatari. Gari au boti iwe imeshaitwa. Inayowaponyoka wengi ni ile ya kuchuruzika: haifoki, mama kafunikwa blanketi, kila mtu anadhani kalala. Basi zoezi lifanyike na blanketi. Funua, tazama kanga, papasa chini ya kitovu. Kizazi kikiwa laini, sugua mpaka kikaze kama mpira, mama akojoe, mtoto anyonye.

wa_mialoni: Ziara za nyumbani zifuate mwezi wa angani, jamani. Siku za giza wanaume wako ziwani na dagaa, na mama hana wa kumruhusu wala wa kumsindikiza. Mbalamwezi ikiwaka baba yupo: hapo ndipo mkae naye mkubaliane nani atasindikiza, nani atachangia damu, petroli ya boti iko kwa nani. Namba 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, waikariri wote wawili.

mkunga_nansio: Nyongeza. Misoprostoli, dawa ya kuzuia damu kutoka sana baada ya kujifungua, ni mikrogramu 600, yaani vidonge 3 vya 200, baada ya mtoto kutoka na tumbo kupapaswa kuhakikisha hakuna pacha. Ikimezwa mapema kizazi kinaweza kupasuka. Hili lirudiwe kila mafunzo.

mkufunzi_sengerema: Kifafa cha mimba: kichwa kinagonga, macho yanaona maluweluwe, uso umevimba. Rufaa siku hiyo hiyo, asingoje kliniki ijayo. Akidondoka na degedege, alazwe ubavu wa kushoto; kijiko mdomoni marufuku. Na ramani za rufaa zichorwe upya: daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, Sengerema hawangoji tena kivuko cha kwenda Mwanza. Visiwa vya Kome na Maisome bado ni boti, kwa hiyo mhudumu wa huko aite mapema zaidi.