Naomba ushauri: wakili wa bima ya baharini kwa mzigo uliolowa

Ndugu zangu, mwezi Machi nilipokea Mombasa kontena la mchele kutoka Karachi, na tulipofungua milango magunia ya chini yalikuwa yameshikana kama matofali, yakinuka maji ya chumvi. Bima wanadai kontena lilikuwa na tundu tangu mwanzo, na wakala wa meli ananirudisha kwao hao hao. Hati ya shehena (bill of lading, karatasi ya meli ya kupokea na kusafirisha mzigo) inataja mahakama za London, na chini ya Kanuni za Hague, yaani kanuni za kimataifa za kusafirisha mizigo kwa meli, dai dhidi ya msafirishaji hufa mwaka 1 baada ya mzigo kukabidhiwa. Je, nimshike wakili wa mambo ya meli hapa Mombasa, au nianzie London, ambako gharama zaweza kuumeza mchele wenyewe? Ripoti ya mkaguzi na picha ninazo.